Mtoto Wangu Anapima Damu, Jirani Yangu Hanisalimii

Kwanza jina langu msiweke, hapa mtaani Gatwekera tunajuana mpaka kikohozi. Mimi ni mama ya miaka sitini na kitu, mzee wangu alishatangulia, nauza omena, wale dagaa wa ziwa, soko la Toi. Shule sikuingia. Haya anaandika mama mmoja wa kanisa letu, mimi naongea tu, nikipotea atanirudisha.

Niko na msichana mmoja. Babake alitaka asomee kupiga chapa, akae ofisi. Yeye akasema anataka maabara. Mimi nikadhani ni kanisa jipya. Nikauza omena mpaka nikanuka omena hata Jumapili, akasoma, akaandikwa kazi kwa kliniki ndogo Kawangware. Siku moja akaniita niangalie damu kwa hadubini. Niliona kope zangu tu, lakini nikasema nimeona, mama atafanyaje. Huku soko wakanitania, mama anapima na mkebe wa gorogoro, mtoto anapima na sindano. Nilikuwa nacheka. Hiyo ilikuwa kabla.

Sasa jirani yangu, huyo nitamwita Mama Mutua, mtu wa Kitui, ukuta wetu ni bati moja. Chumvi tulikuwa tunapitishiana kwa pengo, chai hivyo hivyo. Mzee wangu akikufa yeye ndiye alinilisha na mkono. Msichana wake akapata mchumba, fundi wa viatu. Na mnajua hii miaka yetu, vijana tunazika kila saa na unaambiwa ni malaria. Kijana akaenda kupimwa huo ugonjwa usiotajwa, na kliniki ni ile ile ya mtoto wangu. Akarudi akasema ako sawa. Mama Mutua hakuamini. Akaniambia, "Si wewe ndio ulizaa daktari? Enda uniulizie."

Nikaenda Kawangware na miguu. Nikamkuta mtoto wangu na koti lake nyeupe, nikamuuliza pole pole. Akanisongezea kiti.

"Mama, damu ya mtu si yangu kuitaja."

Nikamwambia basi tingisha kichwa tu. Akaniletea chai, akaniuliza bei ya omena.

Nikarudi nikasema vile ilikuwa, amekataa kusema. Mama Mutua akasema, "Angekuwa mzima, angesema." Harusi ikavunjwa hiyo wiki. Yule kijana akahama bila kuchukua hata vyombo vyake vya kazi.

Juzi tu hapa, nikiwa kwa meza yangu Toi, nikamwona yule kijana. Amenona, ako na bibi ameoa, na mtoto mgongoni mwa bibi. Mama Mutua alikuwa anapita, na yeye akamwona. Akaniangalia. Tangu siku hiyo pengo la bati ameziba na gunia. Majirani wengine nao wakamfuata, sasa nikifika kuteka maji kwa mfereji maongezi yanakatika.

Nilimlilia mtoto wangu, si ungesema tu ni mzima? Akaniambia, "Mama, nikisema wazima ni wazima, siku nitanyamaza kwa mmoja nitakuwa nimemtangaza." Nilikaa na hayo maneno siku mingi. Ni kweli, lakini ukweli haupitishii mtu chumvi. Na yeye haji sana, anasema watu wakimwona huku wanafunga milango.

Sasa shida ndio hii. Mama Mutua anakohoa. Si ya baridi, namsikia kwa bati, anakohoa mpaka anashika ukuta na bati langu linatingika. Ameambiwa apeleke makohozi yapimwe kliniki ile ile, amekataa. Nimemsikia kwa bati akisema afadhali afe kuliko mtoto wangu ajue chenye kiko ndani yake. Na mimi najua katika Nairobi hii yote hakuna mtu atamfichia kama huyo. Hata mimi mamake hataniambia.

Nikigonga bati hanijibu. Nikituma mtu, itakuwa nimetangaza kikohozi chake. Nyinyi mnaosoma, mko na majirani, hebu niambieni: ningoe hilo gunia niingie na maneno, ama ninyamaze kama mtoto wangu? Nishaurini, anakohoa hata sasa tukiandika.