Siku Niliyoigawa Kadi ya Mtandao

Jumamosi moja asubuhi nilikaa nyumbani Lizaboni na laptop yangu, nikijiona fundi kuliko mafundi wote wa Songea. Kituo cha afya nilichokuwa nakihudumia kilikuwa na seva moja ya Linux, na ndani yake kompyuta pepe tatu, yaani kompyuta za kiprogramu zilizotunza mafaili ya wagonjwa, ambazo mtandao wake ulikuwa mzito. Niliamua kuziruhusu zitumie kadi ya mtandao, kile kifaa kinachoiunganisha seva na mtandao, moja kwa moja, bila kupitia kwa seva. Niliingia kwenye seva kwa mbali, nikaandika amri, nikabonyeza. Kimya. Kadi ilikuwa moja tu, nami nilikuwa nimeikabidhi yote kwa kompyuta pepe. Seva ilibaki haina mtandao, nami nikabaki sina seva.

Nilipanda bodaboda hadi kituoni. Sista msimamizi alinikuta nimepiga magoti mbele ya seva.

"Unasali?" aliuliza.

Nilimweleza kwa maneno marefu ya kitaalamu. Alisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Kwa hiyo uligawa simu yako, halafu ukataka kupiga kwa simu hiyohiyo."

"Ndiyo, sista."

Safari hii niliigawa kadi mafungu, seva nayo ikapata fungu lake. Mafaili ya wagonjwa yakaanza kufunguka upesi. Jumatatu wauguzi walinisifu sana, nami sikuwakatiza.