Sinema ya Boksi la Sabuni

Wiki iliyopita, ndugu yangu, nilikuwa Dongobesh nakunywa chai hotelini, televisheni ikatangaza kwamba kile kitabu cha msichana anayevuka nchi ya moshi kumtafuta mama yake aliyegeuzwa ndege sasa kimetengenezewa filamu, tena si moja, ni mfululizo. Vijana waliokuwemo wakafurahi. Mimi nililipa nikatoka, chapati sijaigusa.

Kitabu hicho tulikitengenezea sinema kabla yao, mimi na rafiki yangu, tukiwa darasa la tano chini ya Mlima Hanang, wakati tambarare yote inageuzwa kuwa shamba la ngano la serikali. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta. Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako hata makande yalinuka dizeli. Rafiki yangu alikuwa binti wa wafugaji, akija shuleni kila asubuhi na harufu ya moshi na maziwa ya kibuyu. Kila Ijumaa mwalimu wetu alitusomea kitabu hicho cha Kiingereza huku akikigeuza Kiswahili palepale, na alipokifunga darasa zima lilinung'unika.

Sinema tulikuwa tumeiona mara moja tu, ilipoletwa na gari kambini. Basi tukachukua boksi la sabuni, tukalikata dirisha, tukachora picha kwenye karatasi za mifuko ya saruji, tukaziunga kwa uji wa ngano na kuzizungusha kwa vijiti viwili. Rafiki yangu ndiye aliyeamua kipi kiingie. Vita vya wafalme alivikata vyote. Alisema watu wanataka kujua kama mama atarudi, wafalme hawawahusu. Nchi ya moshi tuliipaka mkaa. Ndege akawa korongo, kwa sababu ndiye tuliyemjua. Kila Jumamosi, tukishachota maji, tulionyesha sehemu moja nyuma ya ghala, na kiingilio kilikuwa kiazi cha kuchoma. Tukafika sehemu ya sita. Ikabaki ya mwisho, ile ya mama.

Wiki hiyo rafiki yangu hakuja shule siku tatu. Jioni ya siku ya tatu nikamsikia baba akimwambia mama kwamba kesho wanalima upande wa maboma ya wafugaji, wenyewe wameshaambiwa wahame. Nilimpigia magoti. Nikamwambia kwamba pale kwa rafiki yangu kuna kaburi la babu yake, na bibi yake huenda kukaa hapo kila asubuhi. Baba hakunikaripia. Ingekuwa afadhali angenikaripia.

"Nisipolima mimi, atalima mwingine," alisema. "Na ninyi mtakula nini?"

Asubuhi sikwenda shule. Nilikimbia na boksi kichwani, nikiamini kijinga kwamba tukimaliza ile sehemu ya mwisho, kitu fulani kitazuilika. Nilikuta uzio wa miiba umelazwa, ng'ombe wameshatangulia. Matrekta matatu yalikuwa yananguruma, na juu ya mojawapo alikaa baba, amevaa sweta aliyofumiwa na mama. Bibi alikuwa ameketi kaburini. Wanawake wawili walimwinua kwa mikono, naye akajilegeza kama mtoto anayekataa kubebwa. Rafiki yangu alikuwa anafunga vibuyu mgongoni kwa punda.

Nilimwomba tumalize, karatasi ninazo, mkaa ninao. Aliliangalia boksi, kisha akamwangalia baba yangu kule juu.

"Chora wewe," alisema. "Mimi sijui huyo mama arudi wapi."

Akamswaga punda, akaondoka. Nilisimama hapo mpaka trekta la baba likanipita, na baba hakugeuza uso.

Ile sehemu ya saba sikuichora. Mwalimu alimaliza kitabu Ijumaa iliyofuata, nami niliziba masikio.

Ngano ya serikali nayo imekwisha, kambi imebaki kuta. Baba amekufa bila sisi wawili kuizungumza siku ile. Kuhusu familia ya rafiki yangu, wengine wanasema walielekea Singida, wengine wanasema mbali zaidi. Nimeulizia minadani mpaka nimechoka. Mwaka jana nilikwenda kulitafuta kaburi lile. Jembe halikuacha hata jiwe la kuonyesha. Nikasimama mahali nilipodhani ndipo, nikasema, shikamoo babu. Kisha nikasogea hatua kumi, nikasema tena, maana sikuwa na hakika.