Siku Mizani Alipomnyima Mama Jibu

Dada yangu tulimwita Mizani tangu utotoni, maana hata kipande cha mkate hakukigawa kabla ya kukikodolea macho kwanza. Ukubwani akapata kazi ya saizi yake: kupima kampuni katika ofisi ya madalali wa hisa, na kuandika kama hisa zake ni za kununua, kushikilia au kuuza.

Kampuni mojawapo ilikuwa ya biskuti, nayo ilikuwa ikichechemea. Mama alikuwa na hisa zake humo, akiba ya kupasuliwa goti. Na mkuu wa fedha pale alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Jumapili moja, tukiwa mezani, mjomba akaropoka kwamba kapata kazi kwingine, na itatangazwa Alhamisi.

Dada akaacha kutafuna. Hesabu za mwaka zilikuwa bado hazijafungwa, na mshika fedha haondoki wakati huo kwa heri.

"Mwanangu, niuze?" mama akamuuliza.

"Mama, leo usiniulize. Na usiuze mpaka watangaze."

"Mimi si mama yako?"

"Ndiyo maana siwezi."

Jumatatu akamweleza bosi wake yote, maana sheria inakataza kuuza hisa kwa siri ambayo wanunuzi hawajaijua, akaomba kampuni ile apewe mwenzake. Niliposikia, nikawaka. Nikampigia simu: "Damu nzito kuliko maji! Uza za mama kimyakimya, nani atajua?"

"Atakayezinunua naye ana mama," akanijibu, akakata.

Alhamisi tangazo likatoka, bei ikaporomoka. Jioni dada akaja, akaketi karibu na goti la mama. "Sasa naweza kusema. Tanuri mbili kati ya nne zimezimwa, madeni yanapanda, na anayezijua hesabu kaondoka. Hata bei ya leo ni kubwa mno. Uza."

Mama akauza, akapata nusu ya alichotarajia. Goti likabaki kusubiri.

Nilimnunia dada. Lakini kila asubuhi, kabla ya kazi, alipita kumshika mama mkono kushuka ngazi, wala hakujitetea hata siku moja. Hasira zikaniisha zenyewe. Siku hizi namwonea fahari mpaka ananiambia nimezidi.

Nilimuuliza mama kama yeye hakukasirika.

"Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda," akasema. "Halafu nikazishika zile hela zilizobaki, nikawaza nimpe nani anitunzie. Mjomba wako nikampita. Na wewe nikakupita."