Siku Keji Alipotoka Mstarini

Ukinisikia nasema Kiswahili cha amri amri, usishangae. Sisi tuliokulia ukimbizini Uganda tulikipata gwarideni, siyo kitabuni. Kabla sijajua kuomba maji kwa Kiswahili, nilikuwa nimeshajua "mguu sawa", "mguu pande" na "nyuma geuka". Mpaka leo mume wangu akinijibu ovyo hapa nyumbani Nyakuron, Juba, namwambia nyuma geuka, na anageuka.

Wenzangu mliosoma sekondari zile za karibu na kambi, mnakumbuka ukadeti wetu? Sare ya kaki ni moja tu. Unaifua jioni, unaichovya kwenye maji ya unga wa muhogo ili isimame, asubuhi unaipiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo uweze kukukata kidole. Viatu tulivipaka masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia. Viling'aa kweli, ila nzi walitufuata gwaride zima. Wavulana kwa wasichana, kichwa kipara. Mkubwa akipita unasimama wima hata kama umebeba posho, ugali wetu wa shule, ya moto. Kadeti hasemi uongo. Kadeti halii. Na akishasimama mstarini hatikisiki, hata nyuki amwingie puani.

Afande wetu alikuwa askari mstaafu, mwembamba, sauti imemzidi mwili. "Mstari wenye pengo ni mdomo usio na meno!" alikuwa akifoka. Jua likimwangusha mmoja, jirani yake wa kushoto anasogea hatua moja kuziba nafasi, bila kutazama chini, na anayefuata vivyo hivyo. Ila anayetoka kwa miguu yake mwenyewe bila amri anarudisha mkanda, na ukadeti wake umekwisha. Na ukadeti, jamani, ulikuwa sahani ya pili ya posho na maharagwe. Usicheke. Njaa ya bweni unaijua?

Jirani yangu wa kulia alikuwa Keji. Alikaa na shangazi yake kambini, maana mama yake alikuwa amevuka mpaka kurudi kwetu, vita ikiwa bado inawaka, kumtafuta baba yake Keji. Kabla ya kuondoka alimsuka. Keji akakataa kuzifumua nywele zile. Zikachakaa, zikashika vumbi, mpaka ikabidi achague moja: nywele au ukadeti. Bibi yangu, habuba tulivyomwita, ndiye aliyemkalisha chini akamfumua taratibu. "Mama yako hakukuachia nywele, binti," alimwambia. "Alikuachia kichwa. Nywele zitaota." Keji akanyolewa, akafanana na sisi wote.

Siku ya wazazi ikafika. Tumesimama uwanjani, ngoma zinapigwa, wageni wamejaa nyuma ya kamba, ndipo nikamwona mama yake Keji. Nilimjua kwa mwendo. Alikuwa amekonda, ana vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Lori la mizigo lililomleta lilisimama langoni likinguruma, dereva anataka kurudi mpakani. Baadaye ndiyo tulielewa: baba amepatikana, yu mgonjwa sana, na mama alikuja kumwona mwanawe tu, kisha ageuke na lori lile lile.

Akatembea kando ya kamba akitafuta kichwa kilichosukwa. Akatufikia. Akamtazama Keji usoni, akapita. Akarudi, akapita tena. Keji alikaza macho mbele kama sheria inavyosema, machozi yanamdondoka mpaka kwenye kola. Honi ikalia. Mama akageuka kuelekea langoni.

"Mama! Ana fi ini!"

Niko hapa. Kiarabu chetu cha Juba kilikatazwa shuleni, na yeye alikitoa kwa sauti iliyowanyamazisha wapiga ngoma. Akaruka kamba, akakimbia.

Mimi sikufikiri. Mguu wenyewe ulisogea hatua moja kulia, na wa kushoto kwangu akasogea, na mwenzake, mpaka mwisho wa mstari. Nilitamani kugeuka niwaone. Sikugeuka. Nilimsikia tu yule mama akicheka huku analia, "Mwanangu, nani amekula nywele zako?"

Gwaride lililofuata, Keji alikuja na mkanda mkononi, tayari kuurudisha. Afande akatupitia kwa macho, mmoja mmoja.

"Siku ya wazazi, mstari wangu ulikuwa na pengo?"

"Hapana, Afande!" tukajibu kwa pamoja, na wala hatukusema uongo.

Akamgeukia Keji. "Sasa huo mkanda umeushikia nini? Vaa."

Siku ile ya wazazi ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Keji na mama yake kuonana. Barabara ilifungwa, vita ikasambaa, na mama yake Keji hakuonekana tena, wala hakuna mtu aliyetuonyesha kaburi. Keji huniuliza mpaka leo, angesimama kama kadeti mwema, angebaki na nini?

Siku hizi ukadeti upo hapa Juba pia, na mwanangu Wani yumo. Hee, makadeti hao! Sare za dukani, sheria wanatumiwa kwenye simu. Ukimwambia akanyoe, anabishana na kinyozi, ati apunguze pembeni tu. Jua kidogo, maji ya chupa. Wazazi nao wanajaa uwanjani na simu juu wakipiga picha, hakuna mama anayempita mwanawe, na kwa hilo Mungu ashukuriwe. Lakini nani siku hizi anasogea kuziba nafasi ya mwenzake? Akianguka mmoja, wanampiga picha.

Muhula uliopita nilikwenda kumtazama Wani gwarideni. Keji, ambaye sasa anauza vitenge Hai Jalaba, alifunga duka anisindikize. Nikampungia Wani mkono. Kijana akakaza macho mbele kama hanijui. Niliudhika, usiniambie kitu. Nimeacha kazi zangu, kumbe nimekuja kutazama sikio la mtoto! Nikashusha mkono.

"Punga tu, Mama Wani," Keji akaniambia. "Yeye anajua uko hapa."

Nikapunga mpaka mkono ukauma.