Mkomamanga wa Golandam

Kila baridi ilipokaribia, mke wangu Golandam aliinamisha mkomamanga wake, shina na matawi, akaufukia udongoni, usiuawe na theluji. Mwaka huu yeye hayupo. Mti huo ndio alioniachia. Kwa hofu nikaufukia mapema.

Jirani yangu Bemani akachungulia juu ya ukuta. "Mzee mwenzangu, unamzika mgonjwa kabla hajafa? Ardhi bado ina joto, utauozesha! Shemeji angekuchapa kwa ufagio."

"Kafukie wako," nikamjibu.

Theluji haikuja. Ikaja mvua, haikukatika. Leo asubuhi nimefukua kidogo kwa vidole. Gome la tawi likachunika, likabaki mkononi, linanuka. Shina liko chini zaidi. Sikuthubutu kulifikia. Nimerudishia udongo, na mvua bado inanyesha.