Mama Sabuni na Kura ya Mtaa

Jina lake sikulijua. Mtaa mzima tulimwita Mama Sabuni. Vita vilimfukuza kwao, ng'ambo ya mpaka, akaja na mtoto mgongoni. Ofisi ya mtaa ikamwajiri kuosha wazee wasiojiweza majumbani.

Mke wangu alipoishiwa nguvu, yeye ndiye aliyemgeuza. Hakumvuta mkono wala bega. Alivuta shuka, mgonjwa akageuka nalo. Vidonda vya mgongo vikakauka. Mke wangu alikufa akiwa msafi. Mengine siyasemi.

Kisha miguu yangu nayo ikagoma. Akaniosha mimi.

"Baba, inua kwapa. Aibu tumeiacha mlangoni na viatu."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Halafu ukaitishwa mkutano. Huduma iendelee, au fedha zizibe mashimo ya barabara?

Mwenye bucha akasimama. "Nusu ya wanaooshwa ni watu wa kuja. Na anayewaosha naye wa kuja. Sisi ni shamba la bibi?"

"Na mama yako je?" fundi viatu akamuuliza. "Si anaoshwa na huyohuyo?"

"Mama yangu ana wajukuu. Bora tukose wote. Barabara haina kabila!"

Makofi. Mama Sabuni alikaa nyuma kabisa, mikono mapajani. Kura hakuwa nayo.

Mtu akaninong'oneza kisogoni, "Mzee, ukinyoosha mkono tunakuona."

Wakaitwa wanaotaka huduma iendelee. Nikanyoosha. Tuliomtaka abaki, benchi moja lingetutosha.

Alinisindikiza nyumbani, nimemwegemea. Kila hatua chache anageuka kutazama nyuma. Nami nageuka.

"Baba, kesho siji. Na bafuni usiingie peke yako."

"Sasa nitaogaje, mwanangu?"

Alinifunga kifungo cha shati, akaenda. Nasikia amehama na mtoto wake.

Mashimo yamezibwa. Mama wa mwenye bucha anaoshwa na wajukuu. Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto.

Juzi nilijikokota hadi bafuni. Sakafu ilikuwa imelowa. Nikang'ang'ania mlango. Kwenda mbele naogopa, kurudi kitandani miguu imekataa. Nikafungua mdomo niite jirani, sikujua ni yupi kati yao aliyeninong'oneza siku ile. Nikamwita mke wangu.