Kazi ya Kubandua Lebo na Ndoo Zilizoshuka Salale

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwenye Duka wa pale Kibiti alinipa chupa ya chai yenye maua mekundu, karatasi imebandikwa katikati ya ua. "Bandua," aliniambia, "lakini ukilikwaruza ua, chupa hiyo umeinunua, nenda nayo kwako." Chupa hiyo moja niliibandua mpaka adhuhuri.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, vyombo vya nje vinamiminika, na kila kimoja kina lebo iliyoganda kama ngozi. Nilifundishwa kutoshika kisu. Kioo hufunikwa kitambaa cha maji ya moto mpaka karatasi ilainike, kisha pembe yake huinuliwa kwa kipande cha upongoo, ule uti wa kuti la mnazi, kilichochongwa bapa. Kinachobaki tulikiita ulimbo, yaani gundi inayong'ang'ania vidole. Huo husuguliwa taratibu kwa mafuta ya nazi. Mafuta ya taa huuondoa upesi, lakini hufubaza plastiki, na harufu yake haitoki kwenye chombo cha chakula.

Baadaye nilihamishiwa kwenye ghala la jumla, chini ya Msimamizi wa Ghala, mtu mpole asiyependa maswali. Nilikuta ndoo nyeupe zenye vifuniko. Shehena ya kwanza ilikuwa imeshabanduliwa na wenzangu na kuuzwa, nami nikaanza ya pili. Lebo ilipoinuka, chini yake niliona nyingine, kuukuu, ina picha ya fuvu la mtu.

Niliibandua nayo, nikampelekea Msimamizi.

"Hizi zilikuwa za dawa ya wadudu," alisema. "Lakini zilioshwa huko zilikotoka, Bi Hadija."

"Zilioshwa na nani?"

Alinirudishia lebo.

"Zile za kwanza zimekwenda wapi?"

"Zimeshuka Salale, kule deltani."

Dada yangu Zena alikuwa ameolewa Salale, na ametuma salamu kwamba amepata ndoo mpya nzuri.

Msimamizi alifunga ghala, tukaondoka pamoja. Tulipofika bandarini maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimekaa kwenye tope. Tukangoja bahari ijae. Mimi nilikuwa nikisoma dua na kuikosea, nikirudia mwanzo.

Kwa dada, ndoo ilikuwa mlangoni mwa jiko, kata juu ya kifuniko. Mwanawe mdogo, Mwajuma, alikuwa amelala mkekani mchana ule.

"Da Zena, maji haya mnakunywa?"

"Tangu Ijumaa. Kwani vipi?"

"Na Mwajuma kalala kwa nini?"

"Tumbo linamsumbua toka jana."

Niliyamwaga maji uani, nikambeba mtoto hadi zahanati. Mganga aliuliza ni dawa gani. Nikamtolea ile lebo niliyoibandua kwa mikono yangu. Fuvu lilikuwepo, lakini maji ya moto yalikuwa yameligeuza jina kuwa ujiuji wa wino. Mganga aliipeleka mwangani, akaigeuza, akanirudishia. "Basi tumwangalie tu," alisema.

Tulimwangalia. Kila alipopumua kwa nguvu, dada alinitazama mimi. Msimamizi alipita nyumba kwa nyumba akikusanya ndoo na kuzitoboa kwa msumari, akiwaeleza watu mwenyewe, na wengine wakimtukana. Asubuhi ya pili Mwajuma aliomba uji. Kama ilikuwa sumu au tumbo la kawaida la watoto, hakuna aliyeweza kutuambia.

Niliendelea na kazi ile mpaka macho yaliponichosha. Nyinyi vijana mna dawa za kupuliza, lebo inatoka mara moja. Ni vizuri. Ila someni kwanza, na kama hamwelewi lugha yake, ulizeni kabla hamjalowesha.

Mwajuma sasa ni mama wa watoto. Akija kunisalimia humuuliza kama anakula vizuri, kama tumbo halimsumbui. Hucheka. "Mama mdogo, mimi mzima." Nami hujibu alhamdulillahi, huku nikimtazama weupe wa macho.